Yatima aliyekuwa mwalimu wa mabingwa

Juzi, baada ya sala ya isha, nilikuwa barazani na wazee wa mtaani kwetu. Walikuwa wakimlaumu kijana mmoja aliyeiacha timu iliyomlea akaenda kuchezea nyingine. "Fadhila za punda ni mateke," akasema mzee mmoja, na wenziwe wakamwitikia. Mimi nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni nilimkumbuka Ron Barassi wa Australia, ambaye naye aliwahi kulaumiwa kwa kosa lilo hilo.

Kandanda ya Australia si kama hii yetu. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, na uwanja na mpira vyote vina umbo la yai. Mchezaji ana ruhusa ya kuudaka mpira, ila akitaka kumpa mwenziwe kwa mkono, sharti aupige ngumi, asiurushe. Ukipigwa kwa mguu ukapita baina ya nguzo mbili za kati, timu hupata pointi 6.

Barassi alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la Victoria. Babake alikuwa katika timu ya Melbourne iliyotwaa ubingwa wa 1940. Mwaka uliofuata akauawa vitani Tobruk, nchini Libya, akamwacha mwanawe wa miaka mitano. Baadaye, mamake alipohamia Tasmania, kijana alichukuliwa na Norm Smith, aliyekuwa amecheza na marehemu na ambaye sasa alikuwa mkufunzi wa Melbourne. Smith alimweka kwake kama mwana, lakini uwanjani hakumdekeza hata kidogo. Alijua kwamba mcha mwana kulia hulia mwenyewe.

Malezi hayo yalizaa matunda. Baina ya 1955 na 1964 Barassi alitwaa ubingwa mara sita na Melbourne, na mara mbili za mwisho alikuwa nahodha. Kisha, mwaka 1965, akahamia Carlton awe mchezaji na mkufunzi kwa pamoja. Mashabiki wa Melbourne walipigwa na butwaa.

Je, alikosa fadhila? Hebu natutazame alivyoitumia elimu aliyopewa. Katika fainali ya 1970, mbele ya watazamaji 121,696, Carlton ilikwenda mapumzikoni ikiwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44. Barassi hakukata tamaa. Aliwaamuru vijana wake wapeane mpira kwa ngumi upesi upesi, akamwingiza Ted Hopkins kutoka akiba, naye akafunga mara nne. Carlton ikashinda kwa 111 dhidi ya 101. Ilikuwa imeshatwaa ubingwa chini yake mwaka 1968. Baadaye akaipa North Melbourne ubingwa wake wa kwanza, mwaka 1975, na wa pili mwaka 1977.

Mwaka 1981 alirudi Melbourne, akaifundisha hadi 1985. Ubingwa hakuupata, lakini alirudi. Timu hiyo haikutwaa tena mpaka 2021, naye akajaliwa kuiona siku hiyo. Alifariki Septemba 2023, akiwa na miaka 87.

Nikikutana na wazee wangu barazani, nitawasimulia habari hii kwa upole. Kisha nitawauliza: yule kijana wetu, siku atakapotaka kurudi, mlango ataukuta wazi?