Alama za Kupangia Matini na Daftari la Mwanaisimu

Katika enzi ya taipureta, mwandishi aliyetaka neno fulani lipigwe chapa kwa herufi za mlazo alilipigia mstari chini, na mpiga chapa akaelewa. Mstari huo haukuwa sehemu ya neno, bali agizo kuhusu sura yake. Msingi uo huo ndio uliomo katika Markdown, utaratibu wa kupangia maandishi ya kompyuta uliotolewa mwaka 2004 na John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz.

Kanuni zake za mwanzo ni chache. Alama # ikifuatiwa na nafasi mwanzoni mwa mstari huonyesha kichwa. ## Huonyesha kichwa kidogo kilicho chini yake. Neno lililotiwa nyota moja kila upande, kama *ngeli*, hutokea kwa mlazo. Likitiwa nyota mbilimbili, yaani **ngeli**, hutokea kwa herufi nzito. Kistari au nyota ikifuatiwa na nafasi mwanzoni mwa mstari huanzisha kipengele cha orodha. Aya hutengwa kwa mstari mtupu. Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba maandishi husomeka hata bila programu maalumu, kwani faili haina kitu ila herufi na alama za kawaida.

Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kujihadhari. Katika taaluma yake nyota ina kazi nyingine: huonyesha sentensi isiyokubalika kisarufi, au umbo la kale lililoundwa upya kwa kulinganisha lugha. Kwa mfano, mtafiti huweza kuandika:

* Mtoto kimekuja.

Kusudi lake ni kuonyesha kwamba upatanisho huo haukubaliki. Lakini programu huichukua nyota hiyo kuwa alama ya orodha, ikaiondoa na kuweka kitone mahali pake. Hivyo msomaji hupewa sentensi iliyokataliwa kana kwamba ni mfano sahihi, wala hapatolewi onyo lolote. Dawa yake ni kutanguliza mkwaju uliolalia kushoto:

\* Mtoto kimekuja.

Hapo nyota hubaki ilivyoandikwa.

Kwa hiyo, anayejifunza utaratibu huu yampasa kwanza atenge alama za taaluma na alama za mpangilio, kisha alinganishe alichoandika na kilichotokea kabla ya kumkabidhi mwingine. Kichwa kilichokosewa hurekebishwa kwa urahisi. Nyota iliyopotea hubadili data yenyewe.