Si kila wimbi kwenye kipimo cha ubongo ni kifafa

Mkazi wa Kayole au Dandora anayetumwa na daktari kupimwa mawimbi ya ubongo huenda akadhani kwamba mtambo huo husoma ubongo pekee. La hasha. Elektrodi, yaani visahani vidogo vya chuma vinavyobandikwa kichwani, ambavyo kwa kawaida ni 21, hunasa umeme wowote ulio karibu.

Umeme wa ubongo unapofika kwenye ngozi ya kichwa huwa hafifu mno, makumi machache tu ya sehemu za milioni za volti. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 240, nao hutetema mara 50 kwa sekunde. Chaja ya simu iliyochomekwa kando ya kitanda yaweza kuuvuruga mchoro mzima.

Mwili nao huchangia. Jicho ni mfano wa betri ndogo, hivyo kila mgonjwa anapopepesa, wimbi kubwa huchomoza upande wa paji la uso. Taya likikazwa kwa woga, misuli huchora miiba inayoweza kudhaniwa kuwa ya kifafa. Hapo ndipo penye hatari: mtu mzima wa afya anaweza kumezeshwa dawa kwa miaka, na pengine akapoteza kazi ya udereva.

Suala hili si dogo Eastlands. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu Korogocho na Viwandani ulikadiria kuwa watu wapatao 12 kati ya kila 1,000 wana kifafa.

Tarakilishi husaidia. Kuna programu zinazochuja mtetemo wa umeme wa nyumbani, na nyingine hutenganisha mawimbi yaliyochanganyika, jinsi sikio la abiria linavyotambua sauti ya utingo katikati ya muziki wa matatu. Hata hivyo, kuchuja kupita kiasi hulainisha miiba ya misuli ikafanana na mawimbi halisi ya ubongo.

Kwa hivyo kazi kubwa hufanywa kabla ya kurekodi. Nywele huoshwa bila kupakwa mafuta, na za bandia hufumuliwa, jambo linaloudhi kwa aliyemlipa msusi juzi. Mpimaji naye humwomba mgonjwa alegeze taya, huzima vifaa visivyohitajika, na huandika kila kikohozi kwenye mchoro. Wimbi linaloonekana kwenye elektrodi moja tu, majirani zake wakiwa kimya, mara nyingi hutokana na elektrodi iliyolegea.

Isitoshe, mwenye kifafa anaweza kupata mchoro usio na kasoro. Aliyeshuhudia mgonjwa akianguka anafaa kuandamana naye kwa daktari, au atume video aliyoinasa kwa simu.