Mapera ya Kupikwa kwa Sukari

Mvua ikianza kupunguka, mwezi wa tatu na wa nne, mapera yanaiva kila mahali: nyuma ya nyumba, kando ya njia, hata katika mashamba ya zamani. Na munajua yanayofuata. Watoto wanakula mabichi na kuumwa tumbo, ndege wanakula yaliyoiva, na mengi yanaoza chini ya muti. Kisha yamekwisha.

Ninyi munaokaa karibu na machimbo, hapa Mitwaba katika milima ya Kibara, sikilizeni vizuri. Mutu anayechimba mawe ya bati hushiba bukari, lakini tumbo kujaa si kulishwa. Zamani, katika machimbo ya zahabu ya Afrika ya Kusini, wafanyakazi wengi walivimba ufizi na kutoka damu, kwa sababu walikula unga pasipo mboga wala matunda. Dawa ya ugonjwa ule ni vitamini C. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi. Gramu 100 za mapera zinapita 200. Moto unapunguza nguvu hiyo, kwa hiyo musipike muda murefu, na watoto wale pia mapera mabivu yasiyopikwa.

Sasa kazi yenyewe. Tafuteni mapera 12, sukari kikombe 1 na nusu, ndimu 1, na maji safi vikombe 4. Maji yawe ya chemchemi, si ya mufereji wanapooshea mawe. Pikeni katika nyungu ao sufuria safi. Kopo lililochukua mafuta ya mashini, dawa ao mawe ya machimbo lisiingie jikoni hata mara moja, kwa maana ukali wa matunda unavuta sumu iliyomo.

Chagueni mapera ya manjano, yenye harufu, yanayobonyea kidogo tu. Yaliyolegea kabisa yatavunjika. Pera lenye tundu dogo mara nyingi lina funza. Osheni, menyeni maganda membamba, kateni nusu mbili, na kwa kijiko toeni mbegu pole pole, nyama ibaki kama kikombe kidogo.

Wengi wanatupa mbegu. Wanatupa mali! Mbegu pamoja na ute wake ndizo zinazofanya mchuzi kuwa muzito. Zichemsheni kwa yale maji vikombe 4, muda wa dakika 20, kisha chujeni kwa kitambaa safi. Katika maji hayo tieni sukari na maji ya ndimu. Sukari ikiyeyuka, ingizeni nusu za mapera, moto uwe mudogo wa makala, dakika 10 ao 15. Kijiti kikipenya bila nguvu, yameiva. Yatoeni moja moja, musiyakoroge. Mchuzi ubaki motoni mpaka ushike kijiko.

Asiyekuwa na sukari atumie asali ya porini, lakini aitie wakati mchuzi umekwisha kutoka motoni, harufu yake isipotee. Mutoto asiyetimiza mwaka mumoja asipewe asali kabisa.

Pangeni mapera juu ya sahani nyeupe, shimo likitazama juu, jazeni mchuzi, na nyunyizeni karanga za kukaanga zilizopondwa. Mapera yenye nyama nyekundu hutoa mchuzi wa rangi ya waridi, mzuri sana kwa macho. Meupe nayo ni matamu. Wekeni sahani ndani ya beseni ya maji baridi kivulini. Nusu mbili kwa kila mgeni zinatosha, kwa sababu sukari nyingi inaharibu meno, nayo ina bei.

Yaliyobaki yafunikwe, inzi wasiyaguse. Kesho yake yachemsheni tena kabla ya kula. Yakitoa povu ao harufu ya pombe, yamwageni.