Usitazame Kisigino, Tazama Vidole

Kiatu cha kisigino kirefu kina jina linalokieleza chenyewe: mchuchumio. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili kukifikia kitu kilicho juu, na kwa kawaida ni kazi ya sekunde chache. Mtu akishaitwaa sufuria yake rafuni, hushusha visigino akaendelea na shughuli. Mvaaji wa mchuchumio hubaki vile vile kutwa nzima, kwa kuwa kiatu kimemwekea kigingi nyuma. Lakini anapokwenda dukani, jicho lake hukimbilia kile kigingi: ni kirefu kiasi gani, ni chembamba au kinene. Hapo anatazama mahali pasipouma. Deni la kisigino hulipwa mbele, chini ya mashina ya vidole, na anayetaka kuvaa viatu hivi miaka mingi bila majuto aanzie huko katika kuchagua, kuvaa na kutunza.

Mtu akisimama peku, kisigino hubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Kikiinuliwa, uzito huteremkia mbele. Vipimo vinavyotajwa sana na wataalamu wa miguu vinaonyesha kwamba kisigino cha sentimita 2.5 huongeza shinikizo la mbele ya wayo kwa takriban asilimia 22, cha sentimita 5 kwa asilimia 57, na cha sentimita 7.5 kwa asilimia 76. Mzigo huo ungevumilika zaidi kama vidole vingekuwa na nafasi, ila michuchumio mingi huchongoka mbele, na mguu unaoteleza hujipigilia humo kama kabari. Ndipo sugu huota, kidole gumba huwaegemea wenzake na fundo lake kutokeza nje, na neva iliyo kati ya kidole cha tatu na cha nne hubanwa hadi mtu ahisi amekanyaga kokoto. Kifundo cha mguu nacho hulegea: mfupa unaokaa katika kiungo hicho ni mpana mbele na mwembamba nyuma, na wayo ukielekezwa chini, upande mwembamba ndio unaobaki ndani ya tundu. Hatua moja mbaya kwenye changarawe inatosha kukitegua.

Wako watakaosema dawa ni kisigino kinene. Kweli, kinene hakiyumbi, lakini hakirudishi uzito nyuma. Mwaka 1998 Casey Kerrigan na wenzake wa Marekani walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti ulioonyesha kwamba visigino virefu huongeza nguvu zinazolikamua goti sehemu zile zile zinazoshambuliwa na baridi yabisi ya uzee. Waliporudia vipimo kwa visigino vipana mwaka 2001, goti halikupata nafuu. Wengine watasema wamevaa miaka mingi na wamezoea. Mazoea hayo yana maelezo. Utafiti wa Robert Csapo na wenzake, uliotoka mwaka 2010, uliwapima wanawake waliozoea visigino vya sentimita 5 au zaidi karibu kila siku kwa miaka miwili au zaidi: nyuzi za misuli ya shavu la mguu zilikuwa fupi kwa takriban asilimia 13, na kano ya kisigino nene na ngumu zaidi. Mwili ulikuwa umejishona upya kufuata kiatu. Ndiyo maana wengine huumia wanapovaa kandambili ghafla, wakadhani kandambili ndiyo mkosaji. Ni haki kuongeza kwamba watafiti hao hawakukuta wanawake hao wakishindwa kutembea, wala hawakuwataka watupe viatu. Walishauri kunyoosha misuli. Mchuchumio basi ni kama chumvi: swali ni kiasi.

Kiasi huanzia dukani. Chora wayo wako kwenye karatasi ukiwa umesimama, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, kisha weka kiatu juu ya mchoro; kikiwa chembamba kuliko wayo, rangi yake isikushawishi. Usikimbilie namba kubwa zaidi, kwa maana mguu utateleza mbele kwa kasi zaidi. Mkanda juu ya wayo husaidia kuushika. Kwa mtumba, kiweke mezani: kikilala upande, mguu wa mwenye nacho wa kwanza ulishakipinda. Kisha hesabu saa. Kaa chini kila nafasi ikipatikana, na beba viatu bapa kwa ajili ya barabarani na daladala.

Utunzaji nao ni sehemu ya afya, si urembo tu. Mtu wa kilo 60 akikanyagia kisigino chenye eneo la sentimita moja ya mraba, uzito karibu wote hupita hapo kwa nukta moja ya hatua, hivyo kile kiraba cha chini huliwa upesi. Kikilika upande, kifundo hupinda nacho. Kikiisha, msumari hujitokeza na kuteleza juu ya vigae. Mpelekee fundi viatu mapema. Katikati ya soli mna ubapa wa chuma unaobeba upinde. Kiatu kikianza kunesa hapo, chuma kimevunjika na safari zake zimekwisha. Kikilowa jasho, kijaze karatasi, kikauke kivulini siku nzima kabla ya kukivaa tena. Wala usikifungie kabatini miaka ukisubiri harusi: soli za poliyurethani huvunjwa na unyevu na joto, na hewa ya pwani ina vyote viwili.

Liko pingamizi moja ambalo ushauri huu haulijibu: la mwanamke anayevaa kwa sababu ameamriwa kazini. Huyo hana uwezo wa kuhesabu saa. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada liliwazuia waajiri kuwalazimisha wafanyakazi kuvaa visigino virefu, na Ufilipino ikatoa agizo linalofanana na hilo. Sababu ni nyepesi: anayechuchumia kwa hiari yake hushuka akichoka. Aliyechuchumishwa hungoja zamu iishe.