Betri au Dainamo?

Watu wa Mbwera huvuka kwa mashua hadi Nyamisati, na huko ndiko watafutako gari la kuwafikisha Kibiti. Mgonjwa akiisha pakiwa na gari likakataa kuwaka, dereva husema, "Betri imekufa." Huenda ni kweli, lakini mara nyingi betri husingiziwa tu. Mwenye gari hutoa fedha nyingi kununua mpya, nayo hulala vilevile baada ya siku chache.

Yafaa tujue kwamba betri ni ghala ya umeme. Ndani yake mna vyumba sita vyenye bamba za risasi zilizozama katika tindikali, na kila chumba hutoa volti 2 na kitu kidogo. Injini ikiisha kuwaka, dainamo, izungushwayo na mkanda, hulisha taa na kuijaza ghala tena.

Basi tuanze na vichwa vya betri. Hewa ya chumvi ya pwani huvila, vikafunikwa na unga mweupe au wa kijani, na umeme haupiti vema ijapokuwa betri ni nzima. Tuzime injini, tufungue waya wa hasi kwanza, tusugue, tukaze. Sigara iwe mbali, maana betri hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Kisha tutwae kipimo cha volti. Betri iliyojaa, ikiisha kupumzika saa chache, huonyesha kama 12.6, ikionyesha 12, imekaribia kwisha. Sasa tuwashe injini. Kipimo kikipanda kati ya 13.8 na 14.5, dainamo yafanya kazi. Na betri isiyofika asubuhi imechakaa, au iko taa iliyosahauliwa. Kisipopanda, tusiilaumu betri: tuzime injini, tutazame mkanda, huenda umelegea, halafu nyaya na fyuzi, ndipo dainamo yenyewe.

Wako mafundi wafunguao waya wa betri huku injini yanguruma, ili kuijaribu dainamo. Desturi hiyo ni ya magari ya kale. Katika magari ya siku hizi yaweza kuunguza dainamo na vyombo vingine, hasara kubwa kuliko ya betri.

Maji yakipungua, tutie yaliyokenekwa, kamwe tusitie ya mtoni. Maji ya delta yana chumvi, na chumvi ndani ya betri huweza kutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Tindikali ikimrukia mtu jichoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.