Nakala ya Hati ya Nyumba Texas: Dola 8, Si Dola 90

Wiki chache baada ya kukabidhiwa funguo za nyumba, barua inaingia sandukuni. Ina mwonekano wa kiserikali, jina lako kamili, anwani ya nyumba na tarehe uliyonunua. Inakushauri uwe na nakala ya hati yako ya umiliki, inataja dola 90 hivi, na inakupa siku ya mwisho ya kulipa. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, imeandikwa kwamba mwenye barua si ofisi ya serikali.

Usilipe. Kwa karani wa kaunti, popote Texas, hati hiyohiyo ikiwa na kurasa tatu na muhuri wa kuthibitishwa ni dola 8.

Mimi pia niliipokea mwaka nilionunua nyumba, na ilikaa juu ya friji siku nne huku nikiwaza kulipa. Kilichonisukuma ni mazoea ya kwetu. Tanzania na Kenya hati ni karatasi ya kufungiwa kabatini, na ukikopa, benki ndiyo inayoishika. Ikipotea utakwenda polisi, utatangaza kwenye Gazeti la Serikali, utasubiri, utalipa. Aliyekulia huko akisoma kwamba "huna nakala ya hati", moyo lazima umruke.

Marekani mambo yamekaa tofauti. Linalokulinda ni kumbukumbu iliyosajiliwa kwenye kaunti, wala si karatasi uliyonayo mkononi. Muuzaji akishatia sahihi, hati hupelekwa kwa karani, hunakiliwa kwenye kumbukumbu za umma, kisha karatasi yenyewe hurudishwa kwako kwa posta. Ikiungua au ikiloa kwa mafuriko, nyumba bado ni yako, na nakala nyingine utaipata siku yoyote. Haraka ya ile barua haina msingi.

Kabla ya kutoa hata senti, muulize anayekuomba hati anataka nini hasa. Baada ya kimbunga, kwa mfano, FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, huangalia kama nyumba ni yako, lakini hati ni njia moja tu kati ya kadhaa. Taarifa ya mkopo wa nyumba au bili ya kodi ya jengo nazo hupokelewa, na hizo unazo tayari. Punguzo la kodi kwa mwenye nyumba anayeishi humo, ambalo Texas huliita homestead, huombwa kwa fomu ya bure kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, na kwa kawaida wanachotaka kuona ni leseni ya udereva yenye anwani ya nyumba hiyo. Wapo wanaotuma barua za kulipisha watu kwa kujaza fomu hiyo. Nazo zitupe.

Ikiwa hati yenyewe ndiyo inayotakiwa, anza na isiyo na gharama. Fungua bahasha au faili la siku ya kukamilisha ununuzi. Usipoikuta, iandikie kampuni ya hatimiliki iliyosimamia mauziano na uombe nakala kwa barua pepe. Nyingi hutuma bila kutoza, hasa ununuzi ukiwa wa karibuni. Kwa mtu anayehitaji tu kusoma jina lake limeandikwaje, hapo safari imekwisha.

Hatua inayofuata ni tovuti ya karani wa kaunti. Kwa Houston ni karani wa Kaunti ya Harris, na kutafuta kwa jina ni bure. Wengi wetu hukwama hapa, kwa sababu majina yetu huingizwa kwenye mfumo namna mbalimbali. Anayeitwa Juma Hamisi Mbwana anaweza kuwa ameorodheshwa chini ya Mbwana, au Hamisi, au Juma. Majina ya Kikongo yenye "wa" katikati huunganishwa, hukatwa, au "wa" hiyo hupotea kabisa. Jaribu kila mpangilio. Ukishindwa, tafuta kwa jina la aliyekuuzia, kwa sababu kila hati huorodheshwa kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Jina la kampuni ya ujenzi, kama ndiyo iliyokuuzia, halikosewi kirahisi kama langu au lako.

Hata hivyo kampuni ya namna hiyo huwa imeuza mamia ya nyumba. Basi ingia kwanza kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti, ambayo ni ya bure, uandike anwani yako. Itakupa maelezo ya kisheria ya kiwanja: namba ya kiwanja, bloku na jina la mtaa uliopimwa. Ukiwa na hayo utaitambua hati yako kati ya nyingi. Lakini usichapishe ukurasa wa ofisi ya uthamini ukaupeleka mahali kama hati. Ofisi hiyo inashughulika na thamani ya kodi, na haihifadhi hati.

Sasa bei. Sheria ya Texas imeziweka ada za karani, kwa hiyo katika kaunti zote 254 hesabu ni moja: nakala ya kawaida ya karatasi ni dola 1 kwa ukurasa, nakala iliyothibitishwa ni dola 1 kwa ukurasa, na dola 5 za cheti cha karani juu yake. Kurasa tatu bila muhuri ni dola 3. Zikiwa na muhuri ni dola 8.

Uthibitisho unafaa kulipiwa pale tu mahakama, mirathi, talaka, ubalozi au ofisi nyingine rasmi inapoudai kwa maandishi. Vinginevyo nakala ya kawaida inatosha.

Kosa linalokula pesa za watu wengi ni kuchukua hati isiyo sahihi. Ukinunua kwa mkopo, siku hiyo husajiliwa hati mbili. Moja, yenye maneno "Warranty Deed" juu yake, inahamisha nyumba kutoka kwa muuzaji kuja kwako, na mara nyingi ni ya kurasa chache. Ya pili ni "Deed of Trust", inayoweka nyumba dhamana ya mkopo, nayo inaweza kufika kurasa 18 au zaidi. Neno "deed" lipo kwenye zote mbili, kwa hiyo mtu huomba "deed" tu, akapewa ile ndefu. Kurasa 18 zenye muhuri ni dola 23, na hata baada ya kulipa hizo bado huna ulichotumwa. Taja jina kamili la hati na namba yake ya usajili uliyoiona kwenye tovuti.

Juu ya ada ya karani kuna vijigharama ambavyo havikutajwa kwenye bei. Ukilipa kwa kadi, kampuni inayopitisha malipo huongeza ada yake. Ukituma ombi kwa posta utanunua stempu mbili, ya kwenda na ya bahasha ya kurudishiwa yenye anwani yako. Usipokuwa na namba ya usajili, kaunti kadhaa hutoza ada ya kukutafutia, kwa hiyo nusu saa kwenye tovuti inajilipa. Kwa anayekwenda ofisi kuu katikati ya Houston, maegesho pekee yanaweza kuzidi bei ya nakala. Uliza kama tawi lililo karibu nawe linatoa nakala hiyohiyo.

Posta, kwenda mwenyewe, au mtandaoni? Ukiwa na siku saba na zaidi, posta ni nafuu na huombi ruhusa kazini. Ukiitaka kesho, nenda mwenyewe asubuhi; pesa utakayotumia njiani ni ndogo kuliko "huduma ya haraka" ya mtu wa kati. Mtandaoni panafaa kwa nakala ya kawaida. Ila hakikisha uko kwenye tovuti ya kaunti yenyewe. Ukiandika maneno ya kutafuta hati kwenye simu, mara nyingi yanayotangulia ni matangazo ya kampuni binafsi. Zinakuvuta kwa dola 1 ya majaribio, halafu kadi yako inakatwa kila mwezi mpaka uwapigie simu kusitisha.

Waliohamia majimbo mengine wasichukue hesabu ya Texas kama ilivyo. Florida ada ya karani ni dola 1 kwa ukurasa na dola 2 za uthibitisho, hivyo hati ya kurasa tatu yenye muhuri ni dola 5. Massachusetts, walikojaa Wakenya wa Lowell na Worcester, picha za hati husomwa bure mtandaoni. Jiji la New York lina mfumo uitwao ACRIS wenye hati za tangu 1966, bure, kwa Manhattan, Bronx, Brooklyn na Queens. Staten Island ina karani wake. Kaunti ya Los Angeles haiweki picha za hati mtandaoni, kwa hiyo utaandika barua au utakwenda ofisini. Chicago, ofisi ya usajili wa hati ya Kaunti ya Cook iliunganishwa na ya karani mwishoni mwa 2020, na maelekezo ya zamani bado yanazunguka kwenye simu za watu. Nao walio Vermont, Connecticut na Rhode Island wasihangaike na kaunti kabisa: huko hati hutunzwa na mji.

Kuna bidhaa nyingine inayouzwa kwa hofu ileile: "kufuli la hati", kwa malipo ya kila mwezi. Jina linadanganya, kwa sababu halifungi chochote. Linakuarifu hati ikishasajiliwa kwa jina lako, basi. Kaunti nyingi hutoa taarifa hiyohiyo kwa barua pepe bila malipo, na Florida sheria inawataka makarani waitoe. Jiandikishe ya kaunti, ukitumia kila mwandiko wa jina lako. Pesa ya kila mwezi ina kazi nyingine.

Mahali ambapo nisingebana matumizi ni kabla ya kununua, hasa ukinunua bila benki na bila kampuni ya hatimiliki. Watu wetu wengi, historia yao ya mikopo ikiwa bado changa, huuziwa nyumba kwa mkataba wa kumlipa mwenyewe kidogokidogo. Kwa mkataba wa namna hiyo hati haiji kwako mpaka umalize malipo, hata kama umepaka rangi, umebadilisha paa na umelipa kodi miaka sita. Sheria ya Texas inamtaka muuzaji ausajili mkataba huo kwa karani ndani ya siku 30. Usimsubiri. Siku ya 31 tafuta jina lako, na kama halipo, mwite na mwanasheria.

Kabla ya kutia sahihi, tafuta jina la muuzaji mwenyewe. Je, hati ya mwisho inamtaja kuwa mwenye nyumba, au inamtaja mama yake aliyekwisha kufariki? Kuna mkopo wa benki juu ya nyumba ambao haujafutwa? Kuna deni la kodi au la fundi lililosajiliwa? Akiacha kulipa benki, nyumba unayoilipia inaweza kuuzwa ukiwa ndani. Utafiti kamili wa hati unaofanywa na mtu wa kazi hiyo unaweza kukugharimu dola mia na zaidi, na hiyo ndiyo bei kubwa pekee katika ukurasa huu ninayokusihi uilipe.

Anayetaka hati itumike nje ya Marekani achukue nakala iliyothibitishwa moja kwa moja. Burundi na Rwanda zimo kwenye mkataba wa apostile, yaani cheti kimoja kinachotambuliwa na nchi wanachama, na Katibu wa Jimbo la Texas hutoza dola 15 kwa kila hati. Kwa nchi nyingine, uliza ubalozini kwanza wanataka mihuri gani na kwa mpangilio upi. Piga simu kabla ya kuagiza nakala, maana wengine hukataa cheti cha karani chenye tarehe ya zamani, na hapo utazilipa zile dola 8 mara ya pili.