Umemwaga unga na korti ilikuamuru utoe matunzo? Usinyamaze, rudi kortini

Kuna uongo mmoja unaozunguka sana mitaani, kuanzia kwenye steji za bodaboda hadi kwenye vikundi vya WhatsApp. Eti korti ikishaamua mtoto atakaa na nani na nani atatoa pesa ngapi, mambo yameisha. Ukiamriwa utoe Sh15,000 kwa mwezi, basi utazitoa hadi mtoto aote ndevu, uwe na kazi usiwe nayo.

Si kweli. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inaipa Mahakama ya Watoto uwezo wa kubadilisha amri yake. Hakimu anaweza kuongeza kiasi, kukipunguza, kubadili tarehe za malipo, au hata kuisimamisha amri kwa muda kisha airejeshe mambo yakinyooka. Shida ni kwamba wengi wetu tunagundua haya deni likiwa tayari limefika shingoni.

Tuanze na hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Chini ya sheria ya 2001, kama wazazi hawakuwa wameoana, mzigo ulimwangukia mama kwanza. Siku hizi hadithi ya "lakini sisi hatukuoana" haikuokoi.

Sasa tuseme kuna jamaa ana kazi kiwandani Industrial Area. Korti imemwamuru atoe Sh15,000 kila mwezi. Mwezi wa tatu kampuni inapunguza wafanyakazi, naye anamwaga unga. Anaingia mjengo, siku zingine anapata, zingine anakula hewa. Anajikaza anatuma Sh4,000 kwa mwezi. Moyoni anajiambia, "Mama mtoto anajua hali yangu, ataelewa."

Hesabu ya korti ni tofauti. Kila mwezi anabakisha deni la Sh11,000. Mwaka ukiisha ni Sh132,000. Amri ni ile ile mpaka hakimu aibadilishe, hata kama mlielewana kwa simu. Mama mtoto akichoka na kurudi kortini, jamaa ataitwa aeleze kwa nini asifungwe kifungo cha kiraia. Mali yake inaweza kukamatwa, au mshahara wake ukatwe akishapata kazi nyingine.

Angekimbia kortini mwezi wa nne na barua ya kuachishwa kazi mkononi, angekuwa na hadithi tofauti kabisa ya kusimulia.

Mlango huu si wa akina baba pekee. Chukua mama aliyepewa amri ya Sh5,000 mtoto akiwa mchanga, wakati gharama ilikuwa maziwa na nepi. Leo mtoto yuko Gredi ya Nne. Kuna karo, sare, vitabu, nauli na chakula cha mchana. Baba naye amepanda cheo. Mama huyo ana haki ya kuomba kiasi kiongezwe, na hiyo si tamaa. Hakimu ataangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa kila mzazi, wote wawili.

Kwa upande wa nani akae na mtoto, kipimo kikuu ni kimoja tu: maslahi ya mtoto. Kupata gari na keja safi Kilimani hakutoshi. Kwa kawaida korti huwaacha watoto wadogo kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Lakini hali hubadilika. Mzazi anaweza kuugua sana, kuhama, au mtoto akaanza kupigwa au kulala njaa. Hakimu anaweza kumtuma afisa wa watoto atembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Mtoto mwenyewe pia husikizwa, kulingana na umri na uelewa wake.

Unaanzia wapi basi? Rudi kwenye korti iliyotoa amri, ukiwa na nambari ya kesi. Unapeleka ombi pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kilichobadilika tangu amri itolewe. Weka ushahidi: barua ya kuachishwa kazi, stakabadhi za mshahara, taarifa ya M-Pesa, risiti za karo, bili za hospitali. Mwenzako lazima apewe nakala ili naye ajibu. Kisha mnasikizwa. Usihofu kuanikwa, kwani majina ya watoto hufichwa na hukumu huchapishwa kwa herufi za kwanza tu.

Kama mnaongea bila kutupiana maneno, kuna njia fupi. Andikeni makubaliano mapya, mtie sahihi, myapeleke kortini yawe amri. Yakibaki kwenye simu, ni upepo tu.

Na kuna mchezo mbaya ambao pande zote hucheza. Mama anasema, "Hujalipa, humwoni mtoto." Baba anajibu, "Simwoni, silipi." Kumwona mtoto na kumlisha ni mambo mawili tofauti. Ukinyimwa nafasi ya kumwona, ripoti kortini, lakini endelea kulipa. Usipolipwa, fanya vivyo hivyo, lakini usimfiche mtoto. Yeye hakukopa pesa za mtu.

Jambo la mwisho linanigusa mimi binafsi, kwa sababu niliacha chuo karo ilipokosekana. Wengi hudhani matunzo hukatika siku mtoto anapofikisha miaka 18. Kwa kawaida ndivyo, lakini korti inaweza kuyaongeza muda, kwa mfano kama bado anasoma au ana ulemavu. Ukiwa chuoni na mzazi amekuacha kwa mataa eti wewe ni mtu mzima, uliza kuhusu hili kabla hujafunga virago.

Pesa za wakili huna? FIDA Kenya na Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza, na serikali ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Afisi za watoto ziko katika kaunti ndogo, nao maafisa wake hupatanisha wazazi kabla mambo hayajafika kwa hakimu. Ukijua mtoto anayeteswa, piga 116, ni bure.

Kwa hivyo kama hali yako imebadilika mwezi huu, usingoje wa kesho kutwa. Tafuta ile nambari ya kesi leo. Deni la matunzo halilali, na mtoto naye anataka kula jioni hii.